Siku moja Kyoto pamoja na mama: ningechagua Katsura na Shugakuin

Ndugu mleta mada, umeuliza utumieje siku moja tu uliyonayo Kyoto, Japani, ukiwa na mama, ambaye anapenda bustani kuliko kitu kingine lakini magoti yanamsumbua. Waliotangulia kukujibu wamekuelekeza kwenye hekalu la Kinkakuji na malango mekundu ya Fushimi Inari. Ni mahali pazuri, sibishi. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka bustani hasa, mimi ningeitumia siku hiyo katika majumba mawili ya kifalme ya karne ya 17, yaani Katsura, lililo kusini-magharibi mwa mji, na Shugakuin, lililo chini ya milima ya kaskazini-mashariki. Nayasema haya kwa kuwa niliishi Osaka kwa masomo na nimeyatembelea majumba yote mawili katika misimu tofauti.

Ninayataja pamoja kwa sababu walioyajenga walifanana kwa hali. Mwanamfalme Hachijo Toshihito, aliyeanzisha Katsura, alichukuliwa utotoni na mtawala Toyotomi Hideyoshi ili awe mwanawe, kisha Hideyoshi alipopata mtoto wa kumzaa mpango huo ukavunjwa, na kijana akapewa ukoo mpya wenye heshima na mapato lakini usio na madaraka. Mfalme Go-Mizunoo naye aliachia kiti cha enzi mwaka 1629, baada ya mivutano na serikali ya akina Tokugawa iliyokuwa imeshika nguvu zote za dola, na katika miaka ya 1650 akaanza kuijenga Shugakuin. Wote wawili walikuwa na cheo, elimu na muda mwingi, na nchi ilikuwa ikitawaliwa na wengine. Ukilijua hilo kabla hujaingia, utaelewa kwa nini kila jiwe na kila kona vimefikiriwa kwa kina kiasi kile.

Anzeni Katsura asubuhi. Toshihito alifariki mwaka 1629 kabla ya kumaliza, na mwanawe Toshitada ndiye aliyeendeleza kazi. Mtu akiingia hutarajia kuoneshwa ziwa mara moja, lakini wajenzi hawakutaka hivyo: karibu na mwanzo wa matembezi kuna njia fupi iliyozungushiwa ua wa mimea pande zote mbili, na mwisho wake umesimama msonobari mdogo uliopandwa makusudi uzibe maji. Unajua kwamba ziwa lipo, unaona kipande chake kidogo, kisha unaongozwa kwingine. Baadaye unafika kwenye banda la kusubiria lililotazamana na kilima cha sikadi, mimea inayofanana na minazi mifupi, ambayo inasemekana ilikuwa zawadi ya ukoo wa Shimazu wa Satsuma, kusini ya mbali. Wakati wa baridi watunzaji huivika majani makavu ili isife. Kwa sisi tuliozaliwa pwani, kuikuta mimea hiyo imefunikwa namna ile kunagusa moyo.

Baada ya hapo ndipo maji yanapofunguka, pamoja na ufuo wa kokoto unaoingia ziwani na kuishia kwenye taa ndogo ya mawe, mfano wa ukanda maarufu wa mchanga wa Amanohashidate. Ng'ambo yake kuna nyumba ya chai iitwayo Shokintei. Mwoneshe mama ukuta wake wa ndani: umebandikwa karatasi za miraba mikubwa ya buluu na nyeupe, na ungedhani umechorwa na msanifu wa juzi. Haishangazi kwamba msanifu majengo wa Kijerumani Bruno Taut, alipofika hapa mwaka 1933, aliisifu Katsura kwa dhati na kusaidia kuifanya ijulikane ulimwenguni.

Jumba lenyewe, kwa kawaida wageni hawaingii; hulitazama kutoka nje. Limeinuliwa juu ya nguzo, kwa kuwa mto Katsura uko karibu na ulikuwa ukifurika, na mbele ya sehemu yake kongwe kuna jukwaa la mianzi lililojengwa kwa ajili ya kuutazama mwezi ukichomoza. Simameni hapo na mgeuke kutazama ziwa. Mtaona kwamba njia mliyopita, ambayo ilionekana ndefu yenye mabonde, kilima na pwani, yote imo katika eneo dogo. Mimi hapo ndipo nilipoelewa ufundi wa wajenzi wale: kila mara walikuwa wameficha kitu ili kingine kionekane.

Shugakuin ni kinyume chake kabisa. Ni eneo la zaidi ya hekta 50, lenye bustani tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na katikati yake kuna majaruba ya mpunga ambayo mpaka leo hulimwa na wakulima wa jirani. Sikuwa nimewahi kuona makazi ya mfalme ambamo shamba linahesabiwa kuwa sehemu ya mandhari. Katika bustani ya kati, tazameni rafu tano zilizopangwa kwa kupishana zikakumbusha ukungu, na milango ya mierezi iliyochorwa samaki waliofunikwa na wavu. Wenyeji husimulia kwamba samaki hao walikuwa wakitoroka usiku kwenda kuogelea bwawani, ikabidi wachorewe wavu.

Kisha mnapanda kuelekea bustani ya juu kwa ngazi zilizobanwa na ua mrefu wa mimea, hamwoni chochote ila majani, mpaka mfike kwenye banda la Rin-untei. Hapo geukeni. Chini yenu liko ziwa zima na visiwa vyake, nyuma yake mji, na nyuma ya mji safu za milima ambayo si mali ya bustani lakini imeingizwa ndani yake kwa ustadi wa kupanga macho yaelekee wapi. Ziwa hilo limetengenezwa na watu kwa kuziba kijito, na tuta kubwa linalolizuia limefichwa kwa vichaka vya aina nyingi vilivyokatwa vikawa kama kitu kimoja.

Sasa utaratibu. Majumba yote mawili yako chini ya Idara ya Kaya ya Kifalme, na njia ya uhakika ni kuomba nafasi mapema kwenye tovuti yake, ingawa zipo pia nafasi chache za siku hiyohiyo. Chukueni pasipoti. Katsura hutoza yen 1,000 kwa mtu mzima, Shugakuin ni bure. Mtatembezwa kwa kundi, karibu saa moja Katsura na zaidi ya saa moja Shugakuin, na mtumishi mmoja hufuata nyuma ili asibaki mtu. Kutoka Katsura, pandeni treni ya Hankyu hadi katikati ya mji, vukeni mto Kamo kwa miguu, mchukue ya Keihan hadi Demachiyanagi, halafu ya Eizan hadi kituo cha Shugakuin.

Kuhusu magoti ya mama, nakuomba ulifikirie jambo hili kwa uzito. Katsura njia ni mawe ya kukanyagia yasiyolingana, na Shugakuin ni mwendo wa takriban kilomita 3 wenye kupanda. Kama anatembea vizuri kwa fimbo kwenye ardhi tambarare lakini ngazi zinamshinda, mpeleke Katsura polepole, akiwa na viatu vyenye soli ya kushika, na mchana badilisheni Shugakuin kwa Murin-an, karibu na kituo cha Keage. Hilo lilikuwa jumba la mwanasiasa Yamagata Aritomo, lililokamilika mwaka 1896, na bustani yake ilitengenezwa na fundi wa bustani Ogawa Jihei kwa maji yanayoletwa na mfereji kutoka ziwa Biwa. Pale mama ataweza kukaa ndani ya nyumba, kwenye mikeka ya tatami, akinywa chai huku kijito na milima ya Higashiyama viko mbele yake, na hakuna wa kumharakisha. Katika jengo la pembeni, mwezi Aprili 1903, Yamagata, mwanasiasa mwenzake Ito Hirobumi, waziri mkuu Katsura Taro na waziri wa mambo ya nje Komura Jutaro walijadili msimamo wa nchi yao kuhusu Urusi, na mwaka uliofuata vita vikaanza.

Ombeni nafasi ya Katsura kwanza, kwa saa ya asubuhi, kisha mpange mengine kulingana nayo. Ukishajua tarehe yenu, iandike hapa pamoja na mahali mtakapolala, nami nitakusaidia kupanga treni.