Namba za wateja na kalenda moja kwa simu tano

Dada, nimekuelewa: mko watano katika ofisi ya mawakili hapo Kisumu, seva (kompyuta kuu ya kuhifadhi mambo ya ofisi) hamna, na juzi wateja wawili walipangiwa wakati uleule kwa sababu kila mtu ana daftari lake. Seva ya nini? Hata sisi Nakuru tulikuwa sita na hatukuinunua.

Kalenda ndiyo rahisi. Fungua akaunti moja ya Gmail ya ofisi, unda kalenda humo, kisha ukiwa kwenye kompyuta ingia mipangilio yake uongeze barua pepe ya kila mmoja. Wewe na karani muwe na ruhusa ya kubadilisha. Wengine watazame tu.

Namba za simu ndizo zina kazi. Akaunti za bure haziruhusu kugawiana orodha kama kalenda, kwa hiyo sisi tuliweka ile akaunti ya ofisi kwenye kila simu, tukazima barua pepe na kalenda yake, tukaacha namba pekee. Ubaya wake: mmoja akifuta namba, imefutika kwa wote. Kwetu kijana alisafisha simu yake, zikapotea zote! Google hukuruhusu kurudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30, lakini pakua nakala kila mwezi.

Mtu akiacha kazi, badilisha nenosiri siku hiyohiyo. Tena hizo ni taarifa za wateja wa wakili. Kabla hujaziweka mtandaoni, muulize anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.