Shangazi, kuni za bure zinanitoa machozi

*Shikamoo Shangazi. Miezi miwili iliyopita upepo uliangusha mti wa jirani, akaniambia nibebe wote, bure. Nikaukata vipande kwa msumeno, nikavirundika nyuma ya nyumba. Kuvipasua ndiyo vita: shoka linazama na kunasa, kwingine linadunda tu. Na hizo chache nilizopasua, nikizitia jikoni zinalia tsss na kutoa povu kwenye ncha, kioo cha mlango wa jiko kimekuwa cheusi, na chumba hakipati joto. Mke wangu anasema ningenunua tu. Kosa ni la shoka, la mti au langu? Halafu nimepewa mbao kwenye nyumba inayobomolewa, nyingine zina rangi. Nizichome wakati nasubiri? – Mwenye Malengelenge*

Marahaba mwanangu. Barua ninazopata mara nyingi ni za waume waliopotea njia. Wewe umepotezwa na gogo tu, kwa hiyo nimekujibu wa kwanza.

Kuhusu moshi, shoka halina hatia. Umechoma maji. Mti mbichi, nusu ya uzito wake au hata zaidi huweza kuwa maji. Ukibeba kilo 10 za kuni za namna hiyo, kilo 5 ni za kuni na kilo 5 ni ndoo ndogo ya maji uliyoipeleka jikoni kwa mikono yako. Moto unaanza kwa kuyachemsha hayo, na wewe unapata joto la makombo. Lile povu kwenye ncha ni maji yanayotoka kwa njia ileile yaliyopandia mti ulipokuwa hai. Moshi nao unapanda ukiwa umepoa, unaganda ndani ya dohani na kuwa kreosoti, utando mweusi kama lami ambao siku moja unaweza kushika moto wenyewe. Kioo kikiwa hivyo, dohani ikoje? Kabla hujawasha tena, isafishwe.

Kuni nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 20. Msonobari na miti mingine laini, ikipasuliwa na kupangwa vizuri, huweza kufika hapo ndani ya miezi sita hadi mwaka. Mwaloni unaweza kukuweka miaka miwili. Miezi yako miwili, tena kwa magogo ambayo hayajapasuliwa, ni sawa na kutongoza siku moja ukadai harusi. Gome la mti kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na halijui kwamba mti umeshakufa. Ndiyo maana kuni hupasuliwa kwanza, kisha hukauka. Si kusubiri ikauke ndiyo upasue. Miti kama mkaratusi, ukiuacha ukauke ukiwa gogo, utapasua mgongo wako kabla yake.

Vipo vipima unyevu vya kuchomeka. Ukinunua kimoja, pasua ukuni upya uchomeke katikati ya uso ulio mpya, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Mimi natumia mizani ya jikoni. Kila nikipanga kuni mpya nachagua mmoja, naupiga alama ya chaki, naupima. Wa mwisho ulianza na kilo 4. Kila Jumapili nilikuwa nautoa, naupima, naandika ukutani kwa mkaa. Uliposhuka hadi kilo 2 na nusu ukakaa hapo wiki tatu bila kusogea, nikajua tayari. Nikaugonga na mwenzake, ukalia *kang!* kama bakuli. Mbichi husema *du*, basi.

Sasa kupasua. Hapa shoka lako nalishuku. Shoka la kuangushia miti lina bapa jembamba, limetengenezwa kukata nyuzi, kwa hiyo ukilipiga kwenye kichwa cha gogo linaingia na kukwama kama kisu kwenye muhogo. La kupasulia lina mashavu manene kama kabari, huwa zito, kilo 2 na nusu hadi 3 na ushee, na linasukuma nyuzi ziachane. Halihitaji makali ya wembe.

Kabla ya kupiga, litazame gogo. Limesimama mbele yako, uso wake una nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda pembeni. Gogo limeshakuonyesha linapotaka kupasukia. Piga kwa kuufuata ufa huo. Ukiona fundo, yaani mahali tawi lilipochomoza, lizunguke, usishindane nalo. Gogo nene usilianze katikati. Limege pembeni, vipande kama bapa, ukilizunguka hadi ubaki na moyo wake, ambao nao utaupasua kwa urahisi. Likinasa kwenye gogo dogo, inua shoka pamoja na gogo lake, geuza, gonga kisogo cha shoka kwenye kigogo cha chini, kile unachopasulia juu yake. Uzito wa gogo utalipasua lenyewe. Kubwa lililogoma litataka kabari ya chuma na nyundo, na miwani machoni, maana chuma kwa chuma hurusha vipande.

Simama miguu imeachana, siyo mmoja mbele. Shoka linaposhuka, kunja magoti, ili ukikosa lipige kigogo na siyo muundi wako. Viatu vigumu. Watoto mbali, na mbali ninamaanisha mbali. Mimi huweka gogo ndani ya tairi kuukuu la gari juu ya kigogo: vipande vinabaki vimesimama humo, sikimbizani navyo uani. Jirani alinicheka, wiki iliyofuata akaja kuuliza tairi nimelipata wapi.

Vipande vyenye unene wa sentimita 8 hadi 15 vinatosha. Vipange juu ya fito, visiguse ardhi, mahali penye jua na upepo, mbali kidogo na ukuta wa nyumba, la sivyo mchwa watapita kwenye kuni kama darajani. Funika juu tu. Mwaka wangu wa kwanza nilijiona mjanja, nikafunga rundo zima kwa turubai hadi chini, nikabana na mawe. Miezi mitano baadaye nilipofunua, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili: ukungu mweupe kila mahali, na uyoga umeota kwenye ukuni niliokuwa nimeuandika alama ya chaki. Maji yalikuwa yametoka kwenye kuni, yakapiga turubai, yakarudi kwenye kuni.

Za rangi, usichome. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na mbao zilizotiwa dawa, hasa zenye ukijani, huenda zina shaba, kromu na aseniki. Sumu hiyo nyingine unaivuta na nyingine inabaki kwenye majivu, ambayo najua utayamwaga bustanini. Plaiwudi nayo iache, kwa gundi yake. Mbao tupu, zisizo na rangi wala dawa, choma kwa raha. Misumari utaiokota kwenye majivu. Ambayo huna hakika nayo, ihesabu kuwa ya rangi.

Na baridi ya msimu huu? Tafuta matawi ya mti uliokufa ukiwa umesimama, yale ambayo gome limeshabanduka, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye eneo. Yaliyolala chini yaache, hayo ni sifongo. Usipoyapata ya kutosha, mkeo ana haki: nunua kavu mwaka huu, na zako zisubiri uani. Mwambie nimesema hivyo, lakini usimwonyeshe kile kioo.

*Shangazi, mpini wa shoka langu unacheza. Nimekuwa nikiliweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi linakaza. Naendelea? – Msomaji wa Siku Nyingi*

Acha leo. Mti ukinyonya maji unavimba, ukabanwa na chuma, nyuzi zake zikasagika. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana. Kila usiku wa ndoo unaulegeza zaidi, mpaka kichwa kiruke na kwenda kinakotaka. Kama mpini bado mzima, pigilia kabari mpya kwenye kichwa chake. Kama umeshaliwa, weka mwingine, na dukani utazame kitako chake: ile mistari ya mti ielekee upande yanakoelekea makali, na ubavuni inyooke toka juu hadi chini. Ukiiona imekatiza mpini kwa mshazari, rudisha uchukue mwingine.