Saa nane za dawa, saa nane ya mchana

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini mkoani Tanga. Juzi mwenzangu aliniona nimeandika kwenye bahasha ya dawa mseto ya malaria: "Vidonge 4 vya pili: baada ya masaa 8." Akacheka, akaniambia "masaa" si Kiswahili sanifu, nifute hiyo "ma". Nikafuta. Mgonjwa aliyefuata alimeza vidonge vinne vya kwanza mbele yangu, saa tano asubuhi. Alasiri nikakutana naye dukani, nikamkumbusha dawa zake za usiku. Akanijibu kwa furaha: "Nilishameza, dada. Saa nane na robo." Nani kakosea: mimi, mwenzangu au mgonjwa? Na je, "dozi" na "kutwa mara tatu" ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Mgonjwa hakukosea hata kidogo, dada. Aliambiwa "baada ya saa 8", akaitazama saa yake, akasubiri nane ipite, akaongeza na robo saa ya adabu. Mwenzako naye kwa kanuni ya darasani yuko sahihi. Ndiyo maana swali lako limenikosesha usingizi: maandishi yaliyosahihishwa ndiyo yaliyopotosha, na yale "mabovu" yangemfikisha mtu salama.

Tuanze na saa. Neno hili liko katika ngeli ya I-/ZI-, pamoja na nyumba, nguo na kalamu, kwa hiyo halibadiliki likiwa wingi. Saa moja, saa nane. Walimu wetu walitukata alama kwa "masaa" kama walivyotukata kwa "manyumba". Lakini nyumba nane ni nyumba nane tu, haziwezi kuwa kitu kingine. Saa nane zina sura mbili: kuna saa nane ya mshale, ile ya baada ya adhuhuri, na kuna saa nane za muda, theluthi nzima ya siku. Wasemaji wameliona pengo hilo zamani, wakaliziba wenyewe: saa kwa ajili ya mshale, masaa kwa ajili ya muda. Hakuna aliyewafundisha. Nenda Mombasa, nenda Mwanza, utamsikia mtu akisema "nimesubiri masaa mawili" na hakuna atakayedhani kuwa alisubiri hadi mshale ufike mbili. Mimi katika insha ya mtihani bado nitaisahihisha, kwa sababu mtihani una sheria zake. Kwenye bahasha ya dawa nitaipigia saluti.

Hata hivyo huhitaji kuvunja sheria ili ueleweke. Kiswahili sanifu kinacho chombo cha kutenganisha saa hizi mbili, nacho kimefichwa ndani ya kitenzi. Sema "saa nane ikifika": hiyo i- ni ya mshale, saa ni moja tu, inafika. Sema "saa nane zikipita": hiyo zi- ni ya wingi, saa zinahesabika, zinapita moja baada ya nyingine. Silabi moja tu imetenganisha saa nane mchana na saa moja usiku. Mgonjwa wako alipomeza saa tano, saa nane zilipaswa kupita hadi saa moja usiku. Yeye alizipa nafasi saa tatu na robo.

Sasa tazama bahasha yako tena. "Vidonge 4 vya pili: baada ya saa 8." Kitenzi kiko wapi? Hakipo. Ukiondoa kitenzi katika Kiswahili umeondoa upatanisho wa ngeli, na ukiondoa upatanisho umebaki na majina na tarakimu zinazoelea. Hapo ndipo penye kosa, wala si kwenye "ma".

Ugonjwa huohuo umo katika "2 x 3", ambayo nimeiona kwenye bahasha nyingi mno. Mfamasia anasoma: vidonge viwili kila mara, mara tatu kwa siku. Lakini alama ile shuleni tuliisoma "mara", na kila aliyekariri jedwali la kuzidisha anajua kwamba mbili mara tatu ni sita. Basi anameza sita? Au anameza vitatu mara mbili, maana katika hesabu 2 x 3 na 3 x 2 ni ndugu mapacha? Jibu la mwisho wa siku ni sita kwa vyovyote vile, ila tumbo na ini havijui kujumlisha mwisho wa siku. Vinapokea kinachoingia kwa wakati ule.

Na hapa pia lugha ilishatupatia dawa yake. Tunapogawa vitu kwa mafungu sawa, tunarudia neno. Watoto wakipanga mstari tunawaambia wapite wawili wawili. Muuza nyanya anazipanga nne nne. Basi "meza viwili viwili, asubuhi, mchana na jioni" haina mlango wa kuingilia kosa: ule mrudio unasema ni viwili kila mara, wala si viwili vya kugawa siku nzima. Bibi yangu asiyejua kusoma angeielewa. Sijawahi kuiona imeandikwa kwenye bahasha hata moja.

Kuhusu "kutwa", ni sahihi, ila limetanuka. Asili yake ni kitenzi cha jua: jua likichwa, yaani likizama, siku imekutwa. Ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha, na shule ya kutwa ni ile ambayo mtoto anarudi kulala nyumbani. Kwa maana hiyo ya kale, kutwa haina usiku ndani yake. Hospitalini tumeinyoosha ikawa siku nzima yenye saa 24, na wengi wameshaizoea. Ila akija mzee anayekijua Kiswahili chake, ukamwandikia amoksilini "kapsuli 1 kutwa mara 3", anaweza kuzimaliza zote tatu kabla ya magharibi na kuuacha mwili bila dawa usiku kucha. Wewe ulitaka zipite saa nane kati ya kapsuli na kapsuli. Mwandikie saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukimwandikia "kila saa nane" utakuwa umerudi kulekule tulikotoka, maana mtu anaweza kumeza moja kila siku mchana mshale ukifika hapo. "Kila zikipita saa nane" inafaa.

Dozi nalo lina kisa. Tumelikopa kutoka Kiingereza, lakini hatukulichukua na maana yake yote. Kwa mganga aliyesomea vitabu vya Kiingereza, dozi ni kiasi kinachoingia mwilini kwa mara moja. Kwa mwananchi, dozi ni tiba nzima: "maliza dozi", "amekatisha dozi", "dozi ya siku tano". Timu ikifungwa mabao matano magazeti huandika imepewa dozi, na hakuna anayedhani ni kijiko kimoja. Lakini kwenye chanjo, dozi ya pili ni sindano ya pili, maana ileile ya kitabuni. Kwa hiyo kikaratasi kinachosema "ukisahau dozi, meza mara ukumbukapo" kinaweza kusomwa na mtu kana kwamba amesahau tiba ya siku tano, azimeze zote sasa. Ushauri wangu: waachie watu dozi yao, iwe ile nzima. Kiasi cha mara moja kiite hivyohivyo, kiasi cha mara moja. Na pale vidonge vinapotakiwa kuingia kwa pamoja, kama vile vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, anavyopewa mama mjamzito kliniki, tunalo neno zuri: kwa mkupuo. "Kipimo" silipendekezi, ingawa ndilo linalopendwa na watafsiri. Mgonjwa akiambiwa "ongeza kipimo" anaweza kwenda kupanga foleni maabara.

Hukuuliza juu ya kukokotoa dawa za watoto, lakini kosa lake ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu, kwa hiyo nivumilie. Chukua mtoto wa kilo 12 na dawa ya maji ya parasetamoli yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Mwongozo unasema miligramu 15 kwa kilo. Hesabu: 15 mara 12 ni 180, 180 gawanya kwa 120 ni moja na nusu, moja na nusu mara 5 ni mililita 7.5. Nyepesi. Lakini "kwa kilo" halafu kwa nini? Kwa siku au kwa kila anaponyweshwa? Hapa ni kila anaponyweshwa, na isizidi mara nne kwa saa 24. Dawa nyingine miongozo yake huandikwa kwa siku nzima, na aliyeisoma ya siku kana kwamba ni ya mara moja amempa mtoto mara tatu au nne ya alichostahili. Kile ki-"kwa" kimebeba mizigo mingi mno. Kisaidie kwa "kila": miligramu 15 kwa kila kilo, kila anaponyweshwa. Na usikate neno ukasema "mili tano", maana miligramu na mililita zote zinaanzia hapo, na katika chupa hiyo mililita 5 ni miligramu 120. Kijiko cha chai nacho kinahesabiwa mililita 5 na cha chakula 15, lakini vijiko vya nyumbani kwetu havikusoma kitabu hicho. Mpe mama bomba la sindano lisilo na sindano.

Nukta pia: andika 0.5 yenye sifuri mbele, maana .5 nukta yake ikififia inabaki tano. Na usiandike 5.0, maana nukta ikipotea inakuwa hamsini. Ukisoma 0.25 kwa sauti sema "sifuri nukta mbili tano". "Nukta ishirini na tano" inamfanya mtu asikie ishirini na tano.

Turudi kwa mgonjwa wako. Mimi ni mganga wa maneno tu, lakini kwa mtu mzima wa vidonge vinne, ambaye katoni yake ina 24, bahasha yake ningeiandika hivi:

"Umemeza vinne leo saa 5 asubuhi. Zikipita saa nane, yaani leo saa 1 usiku, meza vinne vingine. Kesho na keshokutwa meza vinne vinne, asubuhi na jioni. Kula kwanza, au kunywa maziwa."

Ni ndefu kuliko "4 x 2", najua, na foleni yako haina subira. Bahasha ina upande wa pili.