Sindano za misuli, na mimba haishiki

Swali: Nina miaka 27, ninanyanyua vyuma huku Katuba, Lubumbashi. Tangu miezi minane ninajidunga testosteroni, homoni ya kiume, mililita 2 kwa juma (miligramu 250 kwa mililita). Chupa tunagawana watatu. Kifua kimejaa, lakini korodani zimesinyaa na bibi yangu hashiki mimba. Niache ghafla?

Jibu: Ndugu, hiyo ni miligramu 500 kwa juma, anayetibiwa kwa upungufu wa homoni hiyo hupewa kama 100. Ubongo ukiona damu imejaa testosteroni, unaacha kutuma LH na FSH, homoni zinazoamuru korodani zifanye kazi. Zinalala, zinasinyaa. Mbegu hukomaa kwa siku kama 74, kwa hiyo ukiacha leo usipime mbegu kabla ya miezi mitatu. Wengine hungoja mwaka na zaidi.

Acha, ila daktari ajue: uchovu na huzuni nzito hufuata. Usibadilishe kwa vidonge vya misuli, vingi huumiza ini. Pima presha, kolesteroli na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Hiyo ikipita 54%, damu ni nzito na inaweza kuganda.

Na ile chupa! Mmoja akirudisha humo sindano aliyokwisha kujidunga, sindano yako mpya haikukingi. Pimeni wote watatu VVU, hepatitisi B na C.