Meza za kando za kulandana na samadari ya zamani: tafuta mti na umbo, rangi iache ije yenyewe

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza namna ya kutengenezesha meza mbili za kando zitakazolandana na samadari (kitanda cha kale cha miguu ya kukerezwa) ya mfenesi uliyorithi kwa bibi yako, na kama fundi azipake rangi ya kahawia ili zifanane nayo tangu siku ya kwanza. Nakuomba sana usikubali hiyo rangi.

Mwaka 2019, hapa Chake Chake, nilitengeneza kabati dogo la kukaa kando ya kitanda cha aina hiyo hiyo. Mfenesi ukishapigwa randa huwa wa manjano kama bizari, nami nikaona hautapatana na mti ulioiva kwa miaka mingi, basi nikalipaka kabati rangi mpaka vikalingana. Kumbe mfenesi huendelea kuiva kwa mwanga na hewa. Chini ya ile rangi mti ukazidi kukolea, kabati likawa jeusi kuliko kitanda, na ikanibidi nilikwangue lote. La pili nililiacha na rangi yake, nikaliweka penye dirisha la jua la asubuhi na kuligeuza kila wiki, na baada ya miezi kadhaa likaanza kushika rangi ya asali.

Juhudi yako iweke kwenye miguu, kwani jicho huitambua samadari kwa miguu yake iliyokerezwa. Usimpelekee mkereza picha ya simu. Kata kigezo cha kadibodi, kiegemeze kwenye mguu wa kitanda, na ukipunguze kidogo kidogo mpaka kila pete na kila bonde likae bila kupenya mwanga. Unene upime mara mbili, pande zinazokatana, maana mti wa duara ukikauka hunywea zaidi upande mmoja ukawa na umbo la yai. Mkereza afuate kipimo kikubwa.

Mbao ziwe zimekauka barabara, na skrubu ziwe za shaba ya manjano, kwa kuwa chuma katika hewa yetu ya chumvi hakidumu.

Kuhusu mng'ao, chovya pamba katika spiriti, usugue mahali pa siri nyuma ya kitanda. Pakinata, basi kilipigwa polishi ya shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti), na meza zako nazo zipigwe hiyo hiyo, tabaka nyembamba nyembamba kwa kitambaa, wala si vanishi ya kopo.