Mwacheni Basset Hound Alale

Juzi dada mmoja wa Nairobi kaniandikia: mbwa wake wa aina ya basset hound, wale wa miguu mifupi na masikio marefu, anashinda amelala, tena chali, miguu juu, macho nusu wazi, na mumewe keshaanza kusema wameuziwa mbwa mgonjwa. Dada yangu, kwa ulivyonieleza, mbwa wako ni mzima. Hapa Birmingham naishi na wangu, Bahati, na maneno hayo nimeyasikia hadi masikio yamechoka.

Hata kumpata, nilimpata kwa sababu hiyo hiyo. Waliokuwa naye kwanza walimtoa wakisema ni mvivu, hana faida. Kauli hiyo inaniuma mpaka leo. Mbwa hawa asili yao ni Ufaransa, na walifugwa kwa kazi ya kufuata harufu ya sungura, mwindaji akiwafuata nyuma kwa miguu. Bahati akishika harufu bustanini, utaita mpaka koo likauke. Ana kilo zaidi ya 25, na bega lake halifiki sentimita 40 kutoka ardhini. Mwili kama huo ukirudi nyumbani una haki ya kupumzika.

Na anavyopumzika sasa! Huzunguka zulia, hushusha pumzi ndefu, kisha kifua kinatangulia chini huku matako yamebaki juu, mpaka nayo yaporomoke kama gunia la mahindi. Siku za joto hujibwaga kwenye vigae vya jikoni, tumbo chini, miguu ya nyuma kainyoosha nyuma yake. Kwenye kochi huacha kichwa kining'inie ukingoni, sikio moja linagusa sakafu, mate yanadondoka taratibu. Akilala chali ndiyo burudani yenyewe: ile ngozi yote iliyolegea huteleza kuelekea masikioni, meno yanabaki nje, na mtu mgeni ataapa mbwa anacheka. Wekundu chini ya macho usikutishe, kope zake zimelegea kwa maumbile. Ila jicho likitoa usaha au akilikunakuna, hiyo ni habari nyingine.

Ndugu zangu, acheni kuchukua mbwa kwa kupenda picha. Ukitaka wa kukimbia naye kila alfajiri, mwache huyu apate mtu wake. Ukishamchukua, mheshimu usingizi wake. Mtandikie godoro nene, kwa sababu sakafu ngumu humwotesha sugu kwenye viwiko. Mgongo wake ni mrefu na diski zake, zile pedi laini kati ya pingili za uti wa mgongo, huumia upesi, kwa hiyo asiruke kutoka kwenye kochi. Mimi nimemwekea ubao wa mteremko, na anaupanda kwa madaha. Masikio yakague kila wiki, maana hewa haipiti vizuri ndani yake. Chakula kipimwe, na matembezi ya kila siku yapo pale pale, kwa sababu unene unammaliza mgongo.

Kulala si ugonjwa. Bahati hata awe anakoroma vipi, bakuli likilia tu kichwa kiko juu. Wako asipoamkia chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ukiona tumbo limevimba na kukaza, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hapo usiniandikie mimi wala usingoje asubuhi. Mbebe, mkimbize hospitali saa ile ile.