Jibu Liende kwa Aliyeandika, Si kwa Kundi Zima

Nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu. Ikaingia barua pepe ya kundi letu la tuliosoma pamoja: mhazini anaulizia mchango wa msiba. Nikabonyeza Jibu, nikaandika, "Yule anayehoji mahesabu kila siku ndiye hajatoa hata senti." Hapo ni Shekilango. Kabla ya Magomeni simu imeshaita mara tatu. Kumbe nimewaandikia watu 86, mwenyewe akiwemo. (Alilipa jioni ileile, na ujumbe wa muamala akautuma kwa wote.)

Kinachoniuma zaidi, mtego niliutega mwenyewe. Msimamizi wa kundi ni mimi, na nilipolifungua nilichagua majibu yote yaende kundini ili mazungumzo yachangamke.

Kila barua pepe ina mistari ya juu ambayo wengi hatuioni. Mmoja unaitwa Reply-To, nao huiambia programu jibu lipelekwe wapi. Kanuni za barua pepe za mwaka 1982 ziliruhusu kundi kuweka anwani yake hapo. Za mwaka 2001 zikasema anayependekeza jibu liende wapi ni mwandishi wa barua. Mimi nilikuwa nawapendekezea watu 86 bila kuwauliza.

Sasa nimebadilisha, jibu liende kwa aliyeandika, na msimamizi mwenzangu nakushauri ufanye hivyohivyo. Jibu la wote likienda kwa mtu mmoja, analituma tena, dakika moja tu imepotea. La siri likienda kwa wote, ndiyo basi. Gmail inakupa sekunde zisizozidi 30 kuirudisha barua, na hizo mimi nilizimaliza nikimpisha mama mwenye ndoo ya samaki.

Kamati ya watu watano wanaopanga harusi, hiyo iache ilivyo. Kila neno pale ni la wote. Kundi kubwa lenye wakubwa kwa wadogo, hapana.

Ni kweli mazungumzo yamepoa kidogo. Kuna kaka yetu mmoja mpaka leo husahau Jibu Wote. Hunitumia mimi maoni marefu, kisha hupiga simu kulalamika kwamba kundi limemnunia. Namwambia subiri kaka, nayapeleka.